Uko Idsowe na Hujawahi Cheki Mji wa Kale wa Lamu? Soma Hii Kwanza

Fungua Instagram saa hii, hukosi msee wa Nairobi ako Kraków, Polandi, anajipiga picha kwa ukuta wa kitambo. Poa. Mji huo uliingia kwa orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia 1978, kundi la kwanza kabisa. Lakini kama wewe ni wa Idsowe, mji wako wa aina hiyo hautaki visa. Lamu iliingia 2001, na mabasi ya kwenda huko yanapita kwenu kila siku.

Unadandia basi inayotoka Mombasa ama Malindi, unapita Gamba, Witu na Hindi mpaka Mokowe. Hapo unaingia boti. Beba kitambulisho, polisi watakiulizia njiani. Mvua zikianza, uliza kwanza: mwisho wa 2023 Tana ilifurika, barabara ikakatika, wasafiri wakakwama.

Sasa, wengi wakifika wanapiga punda picha, wanakula samaki, wanarudi. Manze, hiyo ni nauli ya bure. Stori yenyewe iko kwa nyumba.

Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Dari inabebwa na boriti za mikoko, mikoko kama ile iko Kipini. Boriti haina urefu mwingi, so chumba hakiwezi kuwa kipana. Kinatoka chembamba na kirefu kama korido. Yaani fundi hakuchagua upana, mti ndio ulimchagulia. Ukishajua hivyo, kila nyumba unaanza kuisoma. Mlangoni kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni anamalizana na mwenye nyumba hapo, hachungulii ndani. Ndani nako kuna zidaka, vishimo vya ukutani vya kuwekea sahani za kaure kutoka Uchina. Hiyo ndio ilikuwa njia ya matajiri wa enzi hizo kuringa.

Nyumba kali za mawe ziko zaidi upande wa Mkomani. Kadhaa zimenunuliwa na wageni wenye ganji, zimekuwa keja za likizo. Zingine zinabomoka polepole juu kuzikarabati ni ghali. Kwa hivyo usingoje uzeeke ndio uende.

Ngome iko katikati ya mji. Ilianza kujengwa karibu 1813, ikaisha 1821, na mpaka 1984 ilikuwa jela. Zamani maji ya bahari yalifika karibu nayo. Ile barabara ya ufukweni unayotembea leo ilikuja baadaye, bahari ikajazwa. Ukipata nafasi, enda wakati wa Maulidi, mwisho wa Mfungo Sita, watu wanajaa Msikiti wa Riyadha kutoka pwani nzima. Lakini vyumba vitakuwa vimejaa pia, so panga mapema.

Vaa kiheshima, huu ni mji wa watu wanaoishi, si jumba la maonyesho. Ukitaka mtu wa kukutembeza, elewaneni bei kabla hamjapiga hatua. Vichochoroni ukipatana na punda amebeba mchanga, wewe ndio unahama, yeye hana habari na wewe. Na mabasi mengi ya kurudi hutoka Mokowe asubuhi mapema, kwa hivyo hesabu kulala angalau usiku mmoja.