Siku ya kupima bunduki ndiyo siku ya kulinda masikio ya mtoto

Ilikuwa saa mbili usiku mtoto alipoanza kulalamika. Televisheni ilikuwa imewashwa na dada zake walikuwa wakicheka, lakini yeye alisikia kitu kingine: mlio mwembamba usiokatika, kama nyenje aliyeingia sikioni.

“Papa, hii kelele itaisha lini?” aliuliza.

Baba yake hakuwa na jibu. Ni mzaliwa wa Uvira, Kivu Kusini, na sasa ni dereva wa lori katika mji wa Fargo, jimbo la North Dakota, Marekani, ambako familia kadhaa kutoka Kongo zimepata makazi mapya. Ameomba jina lake lisitajwe kwa ajili ya mtoto. Mchana wa siku hiyo, Jumamosi ya Oktoba, alikuwa amempeleka kijana huyo wa miaka 12 kwenye uwanja wa kulengea shabaha nje ya mji, kwenda kujaribu bunduki yake ya kwanza ya kuwindia.

Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huko North Dakota hufunguliwa mapema Novemba. Wiki kadhaa kabla, wawindaji hujaa viwanjani kuhakikisha risasi inafika pale darubini inapoelekezwa. Baba na mwana walikuwa wamemaliza kozi ya usalama wa uwindaji, ambayo jimbo hilo linaitaka kwa kila mwindaji aliyezaliwa baada ya mwaka 1961. Waliijua sheria ya kutoelekeza mtutu kwa mtu. Ambacho hawakukifikiria sana ni masikio.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea. Siku ya kuwinda, mtu hufyatua risasi moja au mbili, na pengine asifyatue kabisa. Siku ya kupima bunduki mpya, hufyatua 20, 30 au hata 40, huku majirani wa meza za kushoto na kulia nao wakifyatua zao. Kelele nyingi na vumbi jingi la risasi humfikia mtoto siku hii ambayo hakuna mnyama anayeuawa.

Bunduki ilivyoonekana mbovu

Bunduki yenyewe ilikuwa ya kaliba .243, ya bolti, yaani ile ambayo mwindaji huinua mkono wa bolti, anauvuta nyuma ganda litoke, kisha anausukuma mbele kuingiza risasi nyingine. Mtindo huu ulienezwa na bunduki za Mjerumani Paul Mauser mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo wawindaji wanaupenda kwa sababu ni rahisi, imara na hulenga vizuri.

Lakini Jumamosi ile haikulenga vizuri. Umbali wa yadi 100, sawa na mita 91, matundu ya risasi tatu yalitawanyika kwa sentimita 15, upana wa sahani ndogo ya chai. Baba akafyatua tena, akageuza vifundo vya darubini, akafyatua tena. Kila alipogeuza, matundu yalihamia mahali pengine. Risasi zaidi ya 30 zikaisha, bega likavimba, na akaapa kuirudisha bunduki dukani.

Mtoto alisimama karibu na meza akisoma matundu kwa darubini ya mkononi. Alivaa vifunika masikio, lakini kila baba alipouliza “imepiga wapi?” alikivuta kimoja pembeni ili asikie na ajibu. Mara mbili au tatu, mtu wa meza ya jirani alifyatua sikio likiwa wazi.

Sikio halina kipuri

Mlio wa bunduki nyingi za kuwindia hufikia desibeli 150 hadi 170. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mlio wa ghafla usizidi desibeli 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto. Tofauti hiyo si ndogo kama tarakimu zinavyoonyesha, kwa sababu kipimo cha desibeli hupanda kwa kuzidisha: kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nguvu ya sauti mara 10 zaidi.

Ndani ya kila sikio, katika kiungo kidogo kilichojiviringisha kama konokono, mna chembe karibu 15,000 zenye vinyweleo. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo. Tofauti na ngozi au mfupa, kwa binadamu chembe hizi zikifa hazioti tena. Kelele ya mashine huziua polepole kwa miaka. Mlio wa bunduki unaweza kuziua kwa sekunde moja.

Mara nyingi sauti nyembamba za juu ndizo zinazoanza kupotea, zile zinazomwezesha mtu kutofautisha “s”, “f” na “th”. Mtoto aliyepoteza hizo bado husikia anapoitwa, hivyo mzazi hagundui. Mwalimu ndiye huanza kusema kwamba mtoto hasikilizi darasani.

Mlio wa kijana wa Fargo uliisha siku ya pili. Baba alimpeleka kupimwa na majibu yakawa mazuri, lakini mhudumu aliyempima alimwonya kwamba mlio ule ulikuwa ishara ya sikio lililozidiwa, na kwamba mara nyingine huenda usiishe. “Nilikimbia milio ya bunduki nikiwa kijana mdogo kuliko yeye,” baba anasema. “Halafu mimi mwenyewe nikampeleka mwanangu akae karibu nayo.”

Jumamosi ya pili

Hakuirudisha bunduki dukani. Jirani yake, mzee mstaafu aliyewinda tangu utotoni, alimwomba waende pamoja. Kabla ya kufyatua hata risasi moja, mzee alitoa bisibisi. Skrubu mbili zinazoshikilia darubini zilikuwa zimelegea. Ndiyo maana matundu yalihamahama: darubini ilikuwa ikisogea kila bunduki ilipopiga.

Kisha akachukua noti ya dola na kuipitisha kati ya mtutu na mbao ya kitako. Ilipita vizuri hadi katikati, ikakwama upande wa kulia. Mtutu unapoguswa na mbao upande mmoja, hutikisika tofauti kila unapopata joto au mbao inapovimba kwa unyevu. Wakasugua sehemu hiyo kwa msasa hadi noti ikapita bila kukwama.

Jambo la tatu halikuwa la bunduki. Mzee alimpokea bunduki kila mara, akaiwekea risasi mwenyewe na kumrudishia. Safari moja aliweka risasi bandia isiyo na baruti. Baba akalenga, akavuta kifyatulio. Pakasikika “tik” tu, lakini bega lake lilikuwa limeruka na macho yamefumba. Alikuwa akiogopa mlio na teke la bunduki kabla havijatokea, na woga huo ulikuwa ukipeleka risasi pembeni.

Dawa ya woga huo ilikuwa ileile ya masikio: kinga mbili kwa pamoja, vizibo vya sponji ndani na vifunika juu yake. Mlio ukipungua, mwili hutulia. Ndivyo baba alivyogundua kwamba kinga ya masikio inamsaidia mlengaji pia.

Utaratibu nao ukabadilika. Walianzia karibu, yadi 25, ili matundu yawe ndani ya karatasi, ndipo wakaenda yadi 100. Bunduki iliwekwa juu ya vifuko vya mchanga. Zilifyatuliwa risasi tatu tu, kisha bolti ikaachwa wazi na bunduki ikapumzika hadi mtutu ukashikika kwa mkono, kwa sababu mtutu mwembamba wa kuwindia ukishapata moto huanza kupotosha risasi. Hesabu ya darubini ilifanywa baada ya risasi tatu, haikufanywa baada ya kila risasi. Katika darubini yake, “tik” moja ya kifundo husogeza pigo kwa takriban milimita 7 kwa yadi 100. Matundu yakiwa sentimita 7 kushoto, ni tik 10 kwenda kulia, basi.

Kwa risasi 12 walipata kundi la sentimita 5. Kwa kulungu, ambaye eneo la moyo na mapafu lina upana wa kama sentimita 20, hiyo ni tofauti ya mnyama kufa papo hapo au kukimbia na jeraha.

Safari hii mtoto alikaa nyuma kabisa ya mstari wa kufyatulia, akiwa na vizibo na vifunika vya kielektroniki vinavyopitisha sauti ya maongezi na kukata mlio mkubwa. Hakuwa tena na sababu ya kuvivua.

Risasi ni jina la madini pia

Kiswahili kinasema wazi jambo ambalo lugha nyingine huficha: risasi ya bunduki na madini ya risasi vina jina moja. Risasi nyingi za kuwindia zina kiini cha madini hayo, na hata kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi mara nyingi huwa nayo. Kila mfyatuo huacha moshi na vumbi lake mikononi, kwenye nywele, nguo na viatu. Mtoto akishika ganda kisha akala sambusa, vumbi hilo linaingia tumboni.

Kwa mtoto, madini ya risasi hudhuru ubongo unaokua: kujifunza, umakini na tabia. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

North Dakota yenyewe ilipata somo hilo mwaka 2008. Daktari mmoja alipiga picha za mionzi karibu pakiti 100 za nyama ya kulungu ya kusaga, iliyotolewa na wawindaji kwa ajili ya familia maskini. Zaidi ya nusu zilikuwa na vipande vya metali. Jimbo likaziagiza ghala za msaada wa chakula kuitupa nyama hiyo. Mwaka huohuo watu 738 walipimwa damu, na waliokula nyama ya mwituni walikuwa na madini ya risasi kwa kiwango cha juu kidogo kuliko wasioila. Ushauri uliotolewa ni kwamba wajawazito na watoto chini ya miaka 6 wasile nyama ya mnyama aliyepigwa kwa risasi ya madini hayo.

Vipande hivyo ni vidogo, vingine havionekani kwa macho wala kuhisiwa na meno, na huweza kusambaa zaidi ya sentimita 20 kutoka kwenye jeraha. Kuosha nyama hakuviondoi, na kuisaga huvichanganya.

Jibu moja ni risasi za shaba. Jimbo la California limezilazimisha risasi zisizo na madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Lakini mtu hawezi kubadilisha pakiti usiku wa kuamkia mawindo. Shaba ni nyepesi, kwa hiyo kwa uzito uleule risasi yake huwa ndefu zaidi, na si kila mtutu unaizungusha vizuri. Aina moja aliyojaribu baba huyo ilitoa kundi la sentimita 6. Ya pili, baada ya kusafisha mtutu na kusawazisha darubini upya, ilitoa sentimita 3. Hiyo ndiyo aliyoichagua.

Mzazi afanye nini

Vizibo vya sponji havifanyi kazi vikiegeshwa tu. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kiingize, kishikilie nusu dakika hadi kijae. Juu yake weka vifunika, ukihakikisha nywele na miwani haviachi mwanya. Kinga ya pili huongeza kama desibeli 5 tu, kwa hiyo umbali na idadi ndogo ya milio bado ni muhimu.

Msile wala kunywa uwanjani. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kuingia garini, acha viatu nje ya nyumba, na nguo zifuliwe peke yake.

Kama unapewa nyama ya kulungu na jirani au ghala la msaada, uliza aina ya risasi iliyotumika. Si utovu wa adabu; wawindaji wengi wanalielewa swali hilo.

Mkirudi nyumbani, bunduki iwe tupu na ifungiwe, risasi zifungiwe mahali pengine kwa ufunguo wake. Ndivyo madaktari wa watoto wa Marekani wanavyoshauri, katika nchi ambako tangu mwaka 2020 silaha za moto ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa mwaka 1 hadi 19.

Na mtoto akisema masikio yanalia, au anaongeza sauti ya televisheni kuliko zamani, mpeleke akapimwe usikivu. Usisubiri mwalimu aseme.

Kule Fargo, karatasi ya shabaha yenye matundu matatu yanayokaribia kugusana imebandikwa kwenye mlango wa jokofu. Chini yake kijana ameandika tarehe na aina ya risasi. Kando ameandika jambo jingine kwa mwandiko wake: “Kelele sikioni: hakuna.”