Wakwe wa Ng'ambo na Ruhusa ya Kuingia

Katika mji wa Bariadi mkoani Simiyu, na katika vijiji vinavyouzunguka tangu Dutwa hadi Lagangabilili, ndoa haijapata kuwa shauri la watu wawili peke yao. Barua ya posa ikishapokewa, na mahari yakishaafikiwa kwa hesabu ya ng'ombe, hubaki haja moja ambayo wazee wa Kisukuma huiona kuwa kubwa kuliko zote, nayo ni wazazi wa pande mbili kuketi uso kwa uso, kula pamoja na kutambulishana akraba, ili kila mmoja ajue ni nani atakayemwita siku ya dhiki. Zamani haja hiyo ilitimizwa kwa mwendo wa siku moja au mbili, kwa miguu au kwa baiskeli, maana mkwe wa mbali alikuwa mtu wa Meatu au wa Magu. Lakini leo vijana wetu waliokwenda ughaibuni kusoma na kutafuta riziki, na wageni waliokuja kufanya kazi katika Kanda ya Ziwa wakawaposa mabinti wa Simiyu, wametuletea wakwe ambao baina yao na sisi pana bahari, na ng'ambo na huku pana serikali mbili ambazo hazimtambui mtu kwa ukoo wake bali kwa pasipoti yake.

Nianze na upande ulio mwepesi, wa wakwe kuja kwetu. Tangu Novemba 2018 Idara ya Uhamiaji ya Tanzania imekuwa ikitoa viza kwa njia ya mtandao, na mkwe aliyeko Ujerumani, Uingereza au Uholanzi aweza kuijaza fomu akiwa nyumbani kwake, akaambatisha picha, ukurasa wa pasipoti na tiketi ya kurudi, akalipa dola 50 za Marekani, na akapata ruhusa ya kuingia mara moja na kukaa hadi siku 90, muda unaotosha harusi, na mapumziko baada ya harusi, na hata kuizuru mbuga ya Serengeti ambayo lango lake la Ndabaka haliko mbali na Lamadi. Raia wa Marekani hulipa dola 100, akapewa viza ya kuingia mara nyingi kwa muda wa mwaka mmoja. Mgeni ambaye hakuwahi kuomba mapema, iwapo ni wa taifa linaloruhusiwa, bado aweza kuipata akishatua Dar es Salaam au Kilimanjaro, ingawa mimi simshauri mzee wa miaka sabini, aliyekesha ndani ya ndege, ajitie katika foleni hiyo. Ama mkwe wa Kenya au Uganda, yeye kwa udugu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hadaiwi viza. Ukoo mzima wa bwana harusi wa Kisii waweza kupanda basi, ukavuka Sirari, ukapita Tarime na Bunda, na ukifika Lamadi ukakata kushoto kuja Bariadi, mradi kila mmoja awe na hati yake ya kusafiria.

Lakini wakwe wote hawako sawa mbele ya sheria. Yapo mataifa, Nijeria na Pakistani zikiwa miongoni mwayo, ambayo raia wake hawapewi viza mpaka maombi yao yaidhinishwe na Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, na idhini hiyo haipatikani kwenye dirisha la uwanja wa ndege, bali huombwa mapema na kusubiriwa. Kamati ya harusi yenye busara huuliza uraia wa wakwe kabla ya kutangaza tarehe, kwani kadi za mchango zikishagawanywa na ukumbi ukishalipiwa tarehe haisogei tena, ilhali maombi yaliyoko mezani yana mwendo wake. Fauka ya hayo, fomu humtaka mgeni amtaje mwenyeji wake na mahali atakapofikia. Basi mwenyeji na aandike barua ya mwaliko yenye jina lake kamili, kata na mtaa, simu na nakala ya kitambulisho chake cha taifa, na aitume kabla mgeni hajaanza kujaza. Wapo mawakala mtandaoni ambao tovuti zao hufanana na ya serikali, na aghalabu hutoza zaidi ya ada halali. Anwani ya kweli huishia kwa go.tz, na jambo hili wakwe hawana budi kuambiwa, maana wao hawana njia ya kulijua.

Upande wa pili ndio unaonitia majonzi. Yatokea kwamba harusi inafanywa huko huko kwa wakwe, na anayealikwa ni mzee wa Itilima, baba wa bibi harusi, ambaye hajapata kuvuka mpaka wa nchi yake. Kwanza atahitaji pasipoti ya kielektroniki, ile iliyozinduliwa Januari 2018 na ambayo ada yake ni shilingi 150,000, nayo humtaka kuwa na kitambulisho cha taifa pamoja na cheti cha kuzaliwa au kiapo kinachosimama badala yake. Na mzee huyu alizaliwa katika zama ambazo kuzaliwa kwa mtoto kijijini kulishuhudiwa na wakunga na majirani, bighairi ya karani wala daftari.

Nimemwona mzee wa namna hiyo katika duka la steshenari mjini Bariadi, akifungua mfuko wa nailoni na kupanga juu ya kaunta kitambulisho, kadi ya mpiga kura, cheti cha ubatizo, na stakabadhi za pamba za misimu kadhaa zilizokunjwa mara nne hata mikunjo ikatoboka. Katika kitambulisho jina lake, Ng'wandu, liliandikwa kwa ritifaa. Katika kadi ya kura ritifaa ilikuwa imeanguka. Na katika cheti cha ubatizo liliandikwa Mwandu, kama mmisionari alivyolisikia. Kijana wa dukani alimwita babu, akamweleza kwa taadhima kwamba machoni pa ubalozi hao ni watu watatu, na kwamba sharti aende kwa wakili akaape kuwa watatu hao ni yeye mmoja. Mzee alikubali bila manung'uniko. Mimi niliyesimama kando ndiye niliyeona uzito wa jambo hilo, kwamba mtu aliyeishi maisha yake yote akijulikana na kila mpita njia wa kata yake aape kuwa yeye ni yeye.

Pasipoti ikishapatikana, hufuata viza. Mathalan harusi ikiwa Ujerumani, maombi hupelekwa si mapema kuliko miezi sita na si chini ya siku kumi na tano kabla ya safari. Ada yake tangu Juni 2024 ni yuro 90. Mwombaji hutakiwa awe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na lazima afike mwenyewe Dar es Salaam kutoa alama za vidole, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Bariadi, kisha arudi kungoja jibu. Mkwe aliyeko huko aweza kutia saini mbele ya mamlaka ya mji wake hati ya kuahidi kwamba atamgharimia mgeni, na hati hiyo humfunga kisheria. Ni msaada mkubwa, lakini haijibu swali ambalo maombi mengi hukwama kwalo, nalo ni kama mgeni atarudi kwao muda wake ukiisha.

Na hapo ndipo mali ya Msukuma inapokosa ulimi. Taarifa ya benki ya miezi kadhaa huombwa, na mzee ana akaunti inayojaa wiki moja baada ya mauzo ya pamba na kukaa tupu miezi iliyobaki, kwa sababu fedha yake haikai benki. Hugeuzwa ng'ombe, na ng'ombe hulala zizini. Mtu mwenye ng'ombe sitini, na shamba, na wajukuu, na makaburi ya baba zake nyuma ya nyumba, huonekana katika karatasi kama mtu asiye na kitu cha kumrudisha, ilhali katika Simiyu yote huwezi kumpata mtu aliyefungwa na nchi yake kwa kamba nene kuliko yeye. Naamini maofisa wengi hawana nia mbaya. Wanasoma kilichoandikwa, na insafu yao haiwezi kupita kile walichopewa.

Basi kazi ya watoto ni kuipa mali hiyo maandishi, tena mapema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mzee haki ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila juu ya shamba lake, na hati hiyo ina uzito kuliko maneno. Mtendaji wa kijiji aweza kuandika barua ya kuthibitisha makazi, familia na idadi ya mifugo. Na kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Nyakabindi hapa hapa Bariadi mwezi Juni 2025, imeanza kuwavika ng'ombe hereni za utambulisho, hivi kwamba zizi nalo laweza kusomeka katika kumbukumbu. Stakabadhi za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na za mnadani ziwekwe pamoja na kutafsiriwa. Wala fedha za mchango zisimiminwe katika akaunti ya mzee wiki moja kabla ya maombi, maana fedha isiyo na asili humtia shaka msomaji kuliko akaunti ndogo yenye maelezo.

Pamoja na hayo yote, rai yangu ni kwamba palipo na hiari ya kuchagua, sherehe ifanyike Bariadi. Wanaotaka kufunga ndoa ya kiserikali ng'ambo na waifunge, kisha karamu ya wakwe wailete huku, ambako mlango ni mpana zaidi. Na wakitaka kufunga ndoa hapa hapa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huwataka watoe taarifa siku 21 kabla, naye mgeni aje na cheti cha kwao kinachoonyesha kwamba hana kizuizi. Wakati mzuri ni Julai na Agosti, pamba ikiwa imevunwa, njia kavu, na michembe ya viazi vitamu ya kuwapa wageni imekwisha anikwa. Safari ya mzee kuwatembelea wakwe yaweza kufuata mwaka wa pili, bila tarehe ya harusi kumkimbiza, na safari hiyo barua ya mwaliko itaandikwa na watu waliokwisha kulala nyumbani kwake, wakaliona shamba lake, na waweza kuueleza ubalozi kwa macho yao wenyewe ng'ombe wake ni wangapi.