Mchezo wa Japani wakumbusha Pwani thamani ya hazina ya wazee

WAHENGA walinena kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mtoto aliyelelewa karakanani hakosi la kufanya: akiwa bado hajaweza kufua chuma, atashika mivukuto na kuuchochea moto.

Methali hiyo yaweza kutumiwa kueleza kisa cha mchezo wa kompyuta uliotolewa nchini Japani mnamo Machi 20, 2019. Mchezo huo, Atelier Lulua, unamhusu binti anayetaka kuirithi kazi ya mamake, na ulitungwa kwa kuwakumbuka wachezaji waliomfahamu mama huyo katika mchezo uliotangulia miaka kumi kabla.

Vijana wengi wa Malindi na Kilifi wanaozoea kushindana kwa kandanda na mbio za magari kwenye PlayStation huenda hawajausikia. Hata hivyo, mchezo huu unauliza swali linaloihusu Pwani moja kwa moja: maarifa ya kale humrudia vipi mtoto ambaye hakuyashuhudia?

Karakana badala ya vita

Atelier ni neno la Kifaransa lenye maana ya karakana au chumba cha kazi cha fundi. Msururu wa michezo yenye jina hilo ulianzishwa na kampuni ya Gust, iliyoundwa mwaka 1993 huko Nagano, na ambayo ilinunuliwa na Koei Tecmo mwaka 2011. Mchezo wa kwanza, Atelier Marie, ulitoka mwaka 1997.

Michezo hii ni ya aina ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu fulani, akasafiri, akapigana na kukua naye hadi mwisho wa hadithi. Kwa desturi, michezo ya jamii hiyo humtaka shujaa auokoe ulimwengu kutoka kwa mfalme dhalimu au joka. Atelier Marie ulishika njia nyingine. Marie ni mwanafunzi anayeshika mkia katika chuo chake. Walimu wanampa karakana na muda wa miaka mitano athibitishe kuwa anaweza kuunda kitu chenye thamani.

Kazi yenyewe ni alkemia, ule ufundi wa kale wa kugeuza vitu kuwa vingine. Mchezaji huingia msituni, akachuma majani, akaokota mawe, akateka maji, kisha akarudi karakanani na kuvichanganya chunguni kwa kufuata kanuni. Kinachotoka huwa dawa, baruti, chakula au kifaa ambacho jirani alikiagiza. Ubora wa dawa hutegemea ubora wa jani, na jani bora halipatikani ila kwa anayejua mahali lilipoota.

Mwaka 2009 Gust ilitoa Atelier Rorona, kisa cha msichana anayefanya kazi katika karakana moja ya ufalme wa Arland. Karakana hiyo imo hatarini kufungwa, naye Rorona anapewa miaka mitatu kutimiza kazi kumi na mbili za ikulu ili kuinusuru. Mwaka uliofuata ikaja Atelier Totori, hadithi ya mwanafunzi wa Rorona kutoka kijiji cha wavuvi, anayemtafuta mamake aliyepotea safarini. Mwaka 2011 ikafuata Atelier Meruru, ambapo Totori naye amekuwa mwalimu na mwanafunzi wake ni binti mfalme. Ujuzi ukawa umepita mikono mitatu, kila mmoja akimfunza mwenziwe.

Baada ya hapo watungaji wakahamia nchi nyingine za kubuni, na hadithi ya Arland ikahesabiwa kuwa imekamilika. Mwaka 2018 kampuni iliitoa upya michezo yote mitatu kwa mashine za kisasa. Miezi michache baadaye Atelier Lulua ikatoka, ikiwa na michoro ya Mel Kishida, msanii yule yule aliyewachora wahusika wa mwanzo.

Kitabu kinachosomwa kwa kutenda

Lulua ni bintiye Rorona. Sikio la Mswahili litasikia lulu ndani ya jina hilo, na ijapokuwa ni sadfa tu, jina limemfaa. Anajifunza alkemia kwa mwalimu wake Piana, akiwa na nia ya kumfikia mamake na hata kumpita. Siku moja kitabu kinamwangukia kichwani. Ajabu ya kitabu hicho ni kwamba hakuna mwingine awezaye kukisoma, na hata yeye mwenyewe hakisomi chote kwa mara moja.

Kila ukurasa una mafumbo. Fumbo hufumbuka pale tu Lulua anapotenda jambo fulani: akifika mahali panapotajwa, akiokota kitu kinachohitajika, au akikutana na kiumbe aliyefichwa katika maneno. Hapo mstari hueleweka na kanuni mpya ya kuunda kitu ikapatikana. Kukikariri kitabu hicho hakumsaidii. Ni lazima atoke.

Msomaji atauliza ubora wa jambo hilo ni upi. Mwendelezo unaotegemea hamu ya siku zilizopita ni kazi rahisi kuharibika. Mtungaji anaweza kurudisha sura zile zile, nyimbo zile zile na mitaa ile ile, akapokea fedha za wanaokumbuka ujana wao, na asiongeze neno. Atelier Lulua uliepuka mtego huo kwa kumweka mbele mtu asiyekumbuka chochote. Mchezaji mkongwe anapokutana na marafiki wa zamani wa Rorona, sasa wakiwa watu wazima, moyo humruka. Lulua yeye hawaoni hivyo. Kwake hao ni wakubwa waliokuwapo tangu azaliwe. Kinachompasa ni kujua walichokijua, kwa miguu na mikono yake mwenyewe.

Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Aliyezunguka chombo chote, nyuma na mbele, mwisho hurudi katikati. Lakini anayerudi ngamani si yule aliyetoka, kwa maana amekwisha kuiona bahari.

Chuma na chokaa za Pwani

Neno alkemia limetufikia kupitia Kiarabu, al-kimiya, na ndiko lilikoanzia jina la somo la kemia wanalosoma watoto wetu shuleni. Pwani yetu ilikuwa na mafundi wa kazi hiyo ya kugeuza vitu karne nyingi kabla ya shule hizo.

Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi, aliyefanya kazi katika jumba la Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, aliandika kuhusu mji wa Malindi. Alisema kuwa wenyeji walichimba na kuuza chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowapa faida kubwa kuliko yote. Akaongeza kuwa walikuwapo watu waliodai kuwa na ujuzi wa kuwatuliza nyoka wenye sumu, na akawataja kwa jina ambalo baadhi ya wasomi wamelihusisha na neno waganga. Wapo wanaobishana kama Malindi ya al-Idrisi ilisimama pale pale ilipo ya leo. Lililo wazi ni kwamba habari za mhunzi na mganga wa pwani hii zilikuwa zimefika Ulaya tangu enzi hizo.

Mfano wa pili umesimama hadi leo katika magofu ya Gede, kusini mwa Malindi, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Kuta zake zilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Fundi wa chokaa alichoma vipande vya matumbawe katika moto mkali hadi vikatoa hewa ya kaboni iliyofungika ndani yake. Kilichobaki kilitiwa maji, kikalainika na kupakwa ukutani. Kisha, kidogo kidogo, chokaa hiyo iliivuta tena hewa ya kaboni kutoka angani na kurudi kuwa jiwe.

Hiyo ni alkemia ambayo haikuhitaji uchawi wowote. Jiwe lililorudi halikuwa na umbo la tumbawe la awali, lakini lilikuwa na asili yake, tena lilishikilia nyumba. Na urejeo wa maarifa ya kale unapofaulu huwa namna hiyo hiyo: cha zamani hupita motoni, kikachanganywa na maji ya leo, kikashika kitu kipya.

Mfano wa tatu ni mti. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi. Ulipofika huku watu wakaujaribu, wakautumia kwa maradhi mengi, na upande wa Kenya ukapata jina jingine: mkilifi. Mgeni akapewa jina la nyumbani. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa mchezo au maarifa yoyote kwa kuwa yametoka ng'ambo. Yanayotakiwa ni mikono ya kuyafanya yetu.

Kitabu chetu kina mvi

Tofauti chungu ni hii. Katika hadithi ya Lulua, mabingwa waliozeeka wanaheshimiwa, na karakana zao ni fahari ya miji. Katika Kaunti ya Kilifi, kwa miaka mingi sasa, wazee wameuawa au kufukuzwa makwao kwa tuhuma za uchawi, huku mvi pekee zikifanywa ushahidi. Maafisa wa serikali na viongozi wa jamii wamesema mara kwa mara kuwa nyuma ya tuhuma hizo mara nyingi mna ugomvi wa ardhi na urithi. Kaya Godoma, katika eneo la Ganze, imekuwa kimbilio cha wazee walionusurika.

Msiba wa kwanza ni uhai wa binadamu asiye na hatia, na huo hauhitaji hoja nyingine. Wa pili hauonekani upesi. Mzee wa Kigiriama au wa Kikauma ndiye anayejua mti upi hupunguza homa, upi ni sumu, upi haukatwi na kwa nini. Misitu ya kaya za Mijikenda, ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, imehifadhiwa kwa makatazo yaliyokaa vichwani mwa wazee hao. Akiuawa mmoja, kitabu kimefungwa na hakuna Lulua awezaye kukifungua tena.

Hata kwa wenye mashine za kisasa hifadhi si jambo la kudhani tu. Mwaka 2023 Gust na Koei Tecmo zilizindua Atelier Resleriana, mchezo wa simu uliowakusanya pamoja mashujaa wa michezo mingi ya nyuma. Ulitegemea intaneti wakati wote. Toleo lililotolewa nje ya Japani mwaka 2024 lilifungwa Machi 2025, na tangu hapo haliwezi kuchezwa. Atelier Marie ya 1997, iliyochapishwa kwenye diski, ilibaki, na mwaka 2023 ikaundwa upya. Kilichohifadhiwa mahali salama ndicho kinachorejeshwa.

Kazi ya kuvukuta

Lipi basi lifanywe? Dalili njema zipo. Mradi wa Kipepeo huko Gede, ulioanza mwaka 1993, mwaka ule ule ilipoundwa Gust, uliwawezesha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wangali katika hali ya buu aliyejifunga. Mfugaji hawezi kufaulu asipojua kila kiwavi hula jani la mti gani. Hapo ujuzi wa msitu uligeuka kuwa karo ya shule, na msitu ukapata watetezi.

Mjini Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kimekuwako tangu mwaka 1989 na kimejijengea jina duniani kwa utafiti wa malaria. Yaani karakana ya kisasa na kaya ziko ndani ya kaunti moja. Dawa ya mzee yapaswa kupimwa kama dawa nyingine yoyote, kwa kuwa si kila mizizi huponya. Lakini haiwezi kupimwa kama aliyeijua amezikwa kwa mishale ya majirani.

Kwa upande wa michezo yenyewe, kampuni ya Kiro'o Games ya Cameroon ilionyesha mwaka 2016, kwa mchezo wake Aurion, kuwa Mwafrika anaweza kutunga hadithi ya aina hii kwa ngano za kwao. Kijana wa Malindi mwenye kompyuta hakosi malighafi. Anao mji uliouza chuma, kuta zilizojengwa kwa tumbawe lililochomwa, misitu yenye miiko na mti uliopewa jina la Kilifi.

La kwanza, hata hivyo, halihitaji umeme wala kompyuta. Ni kuketi na bibi au babu akiwa hai, kuandika majina ya miti anayoyataja, kisha kufuatana naye msituni amwonyeshe mjukuu kila mti kwa kidole. Asiyeweza kusana na avukute, kwa sharti kwamba mhunzi awe angali hai wa kumwelekeza.