Rubani mpya analipwa nini, na nani anamsemea?

Na Mwandishi Wetu, Rumonge

UKIWAULIZA wanafunzi wa lisee hapa Rumonge wanataka kuwa nani wakimaliza masomo, hutakosa wawili watatu katika kila darasa watakaokujibu: rubani. Jibu hilo halishangazi. Mtoto aliyekulia kando ya Tanganyika amezoea kumwona nahodha wa boti akiheshimiwa na wafanyabiashara wa mawese na ndagala, kwa kuwa mali yao na roho zao zimo mikononi mwake. Kwake yeye, rubani ni nahodha wa juu zaidi. Wazazi nao huamini kuwa anayeshika usukani wa ndege ameshaukata.

Hata hivyo, mshahara mnono unaosimuliwa vijiweni ni wa rubani mkongwe. Anayeanza ana hesabu nyingine kabisa.

Kwanza kuna gharama ya kusoma. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka mtu awe amefikisha saa 200 za kuruka kabla ya kupewa leseni ya kuendesha ndege za biashara, au 150 ikiwa amepitia kozi maalumu iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ile inayomwezesha kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inadai saa 1,500. Kila saa ina mafuta yake, mwalimu wake na kodi ya ndege, na yote hulipiwa na mwanafunzi au na shirika litakalomkata baadaye. Ni fedha ambayo familia ya kawaida ya mwambao huu haiwezi kuikusanya hata ikiuza shamba la michikichi.

Kwa Mrundi kuna ugumu mwingine. Shirika letu lililoanza mwaka 1971 na kuchukua jina la Air Burundi mwaka 1975 lilisimamisha safari zake mwaka 2009. Burundi Airlines ilikuja kuanzishwa mwaka 2021. Katika miaka yote hiyo ya katikati, kijana mwenye leseni mkononi alilazimika kubisha hodi Nairobi, Addis Ababa au Kigali, ambako wenyeji nao walikuwa kwenye foleni.

Suala la malipo ya wanaoanza lilipata kusikika dunia nzima kutokana na ajali. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya kampuni ya Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu wote 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Ilikuwa Bombardier Q400, aina ambayo wasomaji wanaopanda ndege ya Air Tanzania pale Kigoma wanaifahamu. Katika uchunguzi ilibainika kuwa rubani msaidizi, binti wa miaka 24, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili awahi kazini. Mshahara wake ulitajwa kuwa kama dola 16,000 kwa mwaka. Baadaye kampuni ilisema ulikuwa karibu dola 24,000, lakini hata hiyo haikutosha kumfanya mtu apange nyumba karibu na New York.

Tusichanganye mambo hapa. Wachunguzi hawakusema kuwa mshahara mdogo ndio ulioangusha ndege. Walisema kapteni alikosea jinsi ya kuitikia onyo kwamba ndege inapoteza nguvu ya kubaki angani. Lakini abiria wa Marekani waligundua kuwa mtu aliyewabeba alilipwa kama muuza duka, nao hawakulisahau jambo hilo.

Msomaji aelewe pia kwamba saa ya rubani si saa ya mwalimu. Katika mashirika mengi ya kule, malipo huhesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka hadi inapoegeshwa mwisho wa safari. Kusubiri uwanjani, kukagua ndege na kulala hoteli havimo katika hesabu hiyo. Dola 20 kwa saa inasikika kuwa nyingi, lakini kwa saa 75 za mwezi ni dola 1,500 tu, na deni la chuo bado halijaguswa.

Je, vyama vya wafanyakazi, au sendika kama tunavyoviita huku, vilikuwa wapi?

Marubani wana kitu wanachokithamini kuliko kadi ya benki, nacho ni orodha ya ukongwe. Nafasi yako katika orodha ndiyo inayoamua utaendesha ndege gani, utapumzika siku zipi na utakuwa kapteni lini. Ukihama shirika, kwa kawaida unaanzia mkiani hata kama una miaka 15 angani. Wengi wetu tuliorejea kutoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo tunalijua hilo bila kufundishwa: umefundisha Tanzania miaka mingi, unavuka na vyeti vyako vya Kiswahili na Kiingereza, halafu ofisi fulani inakuandika kama aliyemaliza shule jana.

Sasa wakati wa kujadili mkataba wa hali bora, wanaokaa mezani na kupiga kura ni waliomo tayari. Atakayeajiriwa mwakani hana kura, na aliyeajiriwa jana yumo katika kipindi cha majaribio na anaogopa kufungua mdomo. Mwajiri akisema fedha haitoshi, kitu rahisi kabisa kukiachia ni mshahara wa mtu ambaye bado hana jina. Si lazima pawe na roho mbaya. Kila mmoja anajiambia kuwa naye alianza hivyohivyo.

American Airlines ililifanya jambo hilo kuwa mfumo rasmi mwaka 1983, kwa kuweka ngazi mbili za mishahara: wa zamani wakabaki na yao, wapya wakapewa ya chini kwa kazi ileile. Mashirika mengine yakaiga. United ilipotaka kufanya hivyo mwaka 1985, marubani wake waligoma siku 29, kuanzia tarehe 17 Mei. Wakongwe ambao mishahara yao haikuguswa walisimama nje kwa ajili ya watu wasiowajua. Na wapya wapatao 500 waliokuwa wamemaliza mafunzo, ambao kampuni iliwategemea kuvunja mgomo, wengi wao walikataa kuingia kazini. Mgomo ulipokwisha kampuni ilikataa kuwachukua, ikabidi mahakama iingilie kati. Binafsi sijui mfano mwingine wa namna hiyo ulio wazi kiasi hicho.

Kwa jirani zetu Kenya, mgomo mkubwa wa karibuni ulianza tarehe 5 Novemba 2022. Chama cha marubani, KALPA, chenye wanachama wapatao 400 katika Kenya Airways, kilitaka shirika lirejeshe michango yake katika mfuko wa akiba ya uzeeni, na kulipa mishahara iliyozuiwa wakati wa korona. Mahakama iliwaamuru kurudi kazini, wakarudi tarehe 9. Mfanyabiashara wa Bujumbura anayekwenda Dubai kupitia Nairobi anakumbuka siku hizo.

Madai hayo yalikuwa ya haki, maana fedha iliyokatwa ni ya mtu. Lakini yaangalie kwa makini: akiba ya uzeeni na malimbikizo humfaa zaidi aliyekaa muda mrefu. Aliyeanza juzi ana malimbikizo gani?

Kilichokuja kupandisha malipo ya wapya Marekani ni uhaba zaidi kuliko huruma. Sheria iliyotungwa mwaka 2010 kufuatia ajali ya Buffalo ilifanya saa 1,500 ziwe sharti hata kwa rubani msaidizi kuanzia mwaka 2013. Kisha mwaka 2020, wakati wa korona, wakongwe wengi walistaafishwa mapema. Abiria waliporudi hapakuwa na watu wa kutosha. Juni 2022, kampuni tatu ndogo zilizo chini ya American Airlines zikatangaza dola 90 kwa saa kwa anayeanza, ndani yake mkiwamo nyongeza ya muda.

Kwenye timu za uvuvi hapa kwetu ni hivyohivyo. Kijana mpya hupewa fungu dogo la ndagala, hadi msimu ambao vijana wamekimbilia kazi nyingine na mwenye vyombo anawatafuta kwa tochi.

Kwa hiyo mzazi wa Rumonge au Nyanza-Lac ambaye mwanawe anaota chuo cha urubani asiishie kuuliza kapteni analipwa kiasi gani. Aulize mwaka wa kwanza unalipwa nini, na kwa saa zipi. Aulize nani analipia mafunzo na mkato utaendelea miaka mingapi. Aulize kama aliye katika majaribio anaruhusiwa kujiunga na chama, na kama chama hicho kina mjumbe wa wapya katika majadiliano. Barua ya ajira ikiwa ya Kiingereza, isomwe hadi ukurasa wa mwisho, maana mara nyingi ndiko kinakoandikwa kiasi atakachodaiwa akiacha kazi kabla ya muda.