Studio ya gitaa nyumbani: shilingi ya kwanza iende wapi?

WAPO wawekezaji wadogo wanaoingia katika biashara ya kurekodi muziki nyumbani kwa kutanguliza kompyuta. Hukopa katika kikundi, hununua kompyuta ya mpakato ya bei kubwa, na fedha inapokwisha ndipo hugundua kuwa gitaa halina pa kuchomekwa, chumba kina mwangwi, na hakuna mteja hata mmoja aliyeahidi kazi. Mkopo hausubiri. Kompyuta hiyo huishia kuuzwa kwa hasara.

Wiki hii ukurasa huu unaiangalia biashara hiyo kwa jicho la mwenye mtaji mdogo. Hoja yetu ni kwamba studio ndogo ya gitaa inaweza kulipa ikiwa manunuzi yatafuata mpangilio sahihi, na katika mpangilio huo kompyuta haishiki nafasi ya kwanza.

BIDHAA INAYOUZWA

Kwanza mfanyabiashara aelewe anauza nini. Hauzi vyombo, wala hauzi saa za kukaa studio. Anauza faili la sauti ya gitaa lililo safi, lenye mapigo sahihi, ambalo mteja ataliingiza katika wimbo wake.

Wateja wa bidhaa hiyo ni wa aina nyingi: msanii mwenye biti ya kompyuta anayetaka gitaa halisi la solo au la ridhimu, kwaya inayoandaa albamu, mtengenezaji wa matangazo ya redio, na maharusi wanaotaka wimbo wao wenyewe. Kwa kuwa bidhaa ni faili, mpigaji aliyeko Morogoro anaweza kumhudumia mteja wa Mombasa au Muscat kwa njia ya intaneti bila kulipa nauli.

Kwa sababu hiyo mtaji wa kwanza ni vidole vya mpigaji. Mwenye fedha asiyejua gitaa aingie ubia na anayejua, na waandikiane mgawanyo wa mapato kabla ya kununua chochote. Mashine haiwezi kumfanya mpigaji dhaifu auzike.

HESABU KABLA YA MANUNUZI

Tuchukue mfano. Hizi ni tarakimu za kufanyia hesabu tu, si bei za soko. Tuseme kazi moja inalipwa Sh 40,000. Ukitoa Sh 8,000 za umeme, intaneti na uchakavu wa nyuzi, inabaki Sh 32,000.

Anayenunua kila kitu kipya, kompyuta ikiwemo, kwa Sh 1,800,000 atahitaji kazi 57 ili kurudisha mtaji. Akipata kazi mbili kwa wiki, hizo ni wiki 29. Mwenzake ambaye tayari ana gitaa na kompyuta, akaongeza vifaa vinavyopungua kwa Sh 600,000, anahitaji kazi 19 tu, yaani wiki 10.

Ujuzi wa wawili hao ni mmoja na wateja ni wale wale, lakini mmoja ameanza kula faida wakati mwingine bado yuko katikati ya deni. Kila msomaji aweke bei za mjini kwake katika hesabu hiyo. Akikuta kwamba mtaji utarudi baada ya muda mrefu kuliko muda wa mkopo, aache, au apunguze orodha ya vifaa.

MPANGILIO WA MANUNUZI

Gitaa. Kabla ya kununua gitaa jipya, lililopo lipelekwe kwa fundi likarekebishwe shingo na urefu wa nyuzi, kisha lifungwe nyuzi mpya. Nyuzi zilizoshika kutu hutoa sauti iliyofifia, na gitaa lisiloshika tuni huharibu kazi ya siku nzima. Matengenezo haya ni ya bei nafuu, na mteja huyasikia mara moja.

Chumba. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji na kuta ngumu hurudisha sauti, na mwangwi ukishaingia katika rekodi ni vigumu kuutoa. Dawa yake si lazima iwe ya dukani. Chumba cha kulala chenye godoro, mapazia mazito, zulia na nguo zinazoning'inia ni bora kuliko sebule tupu. Paa la bati ni tatizo wakati wa mvua, kwa hiyo kazi za gitaa kavu zipangiwe usiku mkavu, mtaa ukishatulia. Kwa gitaa la umeme lililochomekwa moja kwa moja, kelele za chumba haziingii katika rekodi, na hii ni sababu nzuri ya kuanza na gitaa hilo.

Saundi kadi ya nje. Hiki ndicho kifaa kinachogeuza umeme mdogo wa gitaa kuwa tarakimu ambazo kompyuta inazielewa. Tundu la maiki la kompyuta halikuundwa kwa ajili ya pikapu za gitaa, na matokeo yake huwa sauti nyembamba yenye mchakato. Mnunuzi atafute kadi yenye tundu la gitaa la milimita 6.35 na swichi au alama ya INST, inayoashiria kwamba inapokea gitaa bila kulififisha. Kwa anayeanza, matundu mawili yanatosha. Focusrite Scarlett na Behringer U-Phoria ni miongoni mwa familia za kadi zinazojulikana, na ndani ya kila familia zipo za bei ya chini na za bei ya juu. Kwa mpigaji mmoja, kadi ya matundu manane ni fedha iliyolala.

Hedifoni. Zinunuliwe zinazofunika sikio lote, ili sauti ya mapigo isivuje ikaingia katika maiki. Hedifoni zisizo na waya hazifai kwa kazi hii kwa sababu huchelewesha sauti. Spika za studio zinaweza kusubiri.

Programu. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha, au hujiingiza katika programu za wizi zenye virusi. Audacity, iliyotoka mwaka 2000, hutolewa bure. Wenye kompyuta za Apple wana GarageBand bila malipo. Reaper hutoa siku 60 za kuijaribu, kisha leseni yake ni dola 60 za Marekani kwa mtu binafsi au biashara ndogo ambayo mapato yake ghafi kwa mwaka hayazidi dola 20,000. Kwa sauti ya amplifaya ya kuiga ipo Neural Amp Modeler, nayo ni ya bure. Mfanyabiashara anaweza kufanya kazi zake za mwanzo bila kulipia programu na bila kuvunja sheria.

Kompyuta. Kurekodi gitaa moja au mawili hakuhitaji mashine kali. Mtumba wenye kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD unatosha. Anayenunua mtumba aingie dukani na saundi kadi yake na kuijaribu katika kila tundu la USB, asikilize kama feni inapiga kelele, na aiache mashine iendeshwe na betri kwa nusu saa. Muuzaji akikataa majaribio hayo, mnunuzi aondoke.

Maiki. Inahitajika kwa gitaa kavu au amplifaya. Shure SM57, iliyoingia sokoni mwaka 1965, bado inatengenezwa, na ni mfano wa kifaa kisichopoteza thamani haraka kama kompyuta. Lakini maiki za kampuni hiyo ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana, kwa hiyo bei ya kutupa iwe onyo. Kwa gitaa kavu, maiki isimamishwe sentimeta 15 hadi 30 kutoka kwenye gitaa, ikielekezwa pale shingo inapokutana na mwili. Ikielekezwa katikati ya tundu la sauti, rekodi hujaa mvumo mzito.

UKISHAKAA KAZINI

Tatizo la kwanza ambalo mpigaji atakutana nalo ni sauti kuchelewa kumfikia masikioni. Kompyuta hukusanya sampuli za sauti katika mafungu kabla ya kuzichakata. Kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu la sampuli 1,024 huchukua milisekunde 23, na mpigaji huhisi gitaa linamburuza. Likipunguzwa hadi sampuli 128 ni chini ya milisekunde 3. Basi wakati wa kurekodi fungu liwe dogo, na wakati wa kuchanganya sauti liongezwe ili mashine ipumue. Wenye Windows watumie kiendeshi cha ASIO kinachotolewa na kampuni iliyotengeneza kadi.

Tatizo la pili ni kupandisha sauti kupita kiasi. Taa nyekundu ya kadi ikiwaka, sauti imekatika kichwa na haitengenezeki tena. Irekodiwe kwa biti 24, na kilele cha sauti kiachwe kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Kuipandisha baadaye hakuna gharama.

Umeme nao una nafasi yake. Saundi kadi ndogo nyingi hupata umeme kutoka kompyuta kupitia waya wa USB, hivyo umeme wa mtaa ukikatika, kazi inaendelea kwa betri. Aidha, mvumo wa umeme unaoingia kwenye gitaa mara nyingi hupungua chaja inapochomolewa. Mwenye betri nzima anaweza kumaliza kazi ya mteja gizani, wakati studio kubwa isiyo na jenereta imefunga.

STOO YA FAILI

Mfanyabiashara wa mchele hulinda ghala lake. Ghala la studio ni faili. Sauti ya njia moja kwa biti 24 hula takriban MB 8 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye njia nane hula kama MB 254. Flashi ya GB 64 inaweza kubeba zaidi ya nyimbo 200 za namna hiyo. Kwa gharama ndogo kiasi hicho, hakuna udhuru wa kuacha kazi ya mteja mahali pamoja. Nakala moja ikae kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi au diski ya nje, na kila siku kabla ya kulala zilinganishwe. Mteja apelekewe faili la WAV. MP3 iwe ya kusikilizia tu.

KARATASI KABLA YA NYUZI

Hasara kubwa katika biashara hii haitokani na vifaa bali na maneno ya mdomo. Mteja huomba marekebisho mara kumi kwa malipo ya mara moja, au wimbo ukivuma hudai hakukuwa na makubaliano. Makubaliano yaandikwe hata kwa ukurasa mmoja: bei, nusu ya malipo kabla ya kazi, idadi ya marekebisho, na nani anamiliki rekodi. Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inatambua haki za watunzi na pia za waimbaji, wapigaji na watayarishaji wa rekodi, na COSOTA ndiyo inayosimamia eneo hilo. Mpigaji aliyetunga kipande cha solo asikiuze kwa bei ya kibarua kabla ya kujua anachokitoa.

Historia ya muziki wetu inaonyesha kwa nini jambo hili ni zito. Kwa miaka mingi bendi za Tanzania zilitegemea studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na aliyetaka santuri alitazama Nairobi. Mpigaji hakuwa na mashine, hivyo hakuwa na sauti kubwa katika masharti. Leo mashine inakaa juu ya meza ya chakula. Lakini kumiliki mashine bila kumiliki haki ya kilichorekodiwa ni kubadilisha bosi tu.

Wala ubora hauhitaji utitiri wa vifaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Katanga, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Lilikuwa gitaa kavu moja na sauti ya mtu mmoja, na rekodi hizo bado zinasikilizwa na kufundishwa. Zilidumu kwa sababu ya upigaji wa Bosco.

USHAURI WA WIKI

Mwenye nia asianze dukani. Aanze kwa kutafuta wateja watatu walio tayari kulipa, hata kama ni kidogo. Aazime au akodi saundi kadi kwa wiki moja, atumie kompyuta iliyopo nyumbani na programu ya bure, afanye kazi hizo tatu na aandike kila senti iliyoingia na kutoka. Wateja wakirudi, anunue saundi kadi yake kwa fedha ya kazi hizo, na vifaa vingine vifuate kadiri kazi zinavyodai. Wasiporudi, atakuwa amepoteza wiki moja tu, na mkopo wa kikundi utakuwa bado haujaguswa.