SIKIO NALO HUJIBU

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kusimama kando ya uwanja siku ya michezo, hapa kwetu Eldoret ambapo mbio ni kama chakula. Wakimbiaji wameinama, kimya kimetanda, mara paa! Bastola imelia. Mlio wenyewe umekwisha hata kabla hujapepesa jicho. Je, katika muda huo mfupi sikio lako limefanya kazi gani? Hebu tulia nikueleze.

Mlio huingia katika tundu la sikio na kukitikisa kiwambo. Kiwambo nacho huisukuma mifupa mitatu midogo, yaani nyundo, fuawe na kikuku, ambayo hubisha mlango wa sikio la ndani. Humo mna kijifereji kilichojaa majimaji na kujikunja kama gamba la konokono. Jina lake ni koklea. Ukikinyosha, urefu wake ni kama sentimita 3 na nusu tu. Ndani yake zimepangwa seli zenye vinywele, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba kama ya filimbi. Zilizo mwisho kabisa hupokea sauti nzito kama ya ngoma.

Sasa, mlio mfupi, "tak!", huwa umebeba sauti nyembamba na nzito zote kwa pamoja. Kwa hivyo huziamsha seli toka mlangoni hadi mwisho. Zamani wengi walidhani kazi huishia hapo: sikio hupokea tu, basi. Kumbe sivyo! Mwaka wa 1978 mtaalamu mmoja wa Uingereza, David Kemp, alieleza jinsi alivyoweka kinasa sauti kidogo ndani ya tundu la sikio, akatoa mlio mfupi, kisha akategea. Katika muda usiofika hata nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde, sikio lilirudisha sauti yake lenyewe! Sauti nyembamba zilitangulia, nzito zikafuata, kwa kuwa safari yao ni ndefu zaidi. Sababu ni kwamba seli za safu za nje hunywea na kurefuka, kana kwamba zinacheza, ili kuikuza sauti iliyoingia. Sehemu ya mtikisiko huo hurudi nje.

Pengine utauliza, "Haya yanatufaa nini?" Yanafaa sana, bwana. Mtoto mchanga hawezi kusema kama anasikia au la. Lakini sikio lake laweza kujibu, hata akiwa usingizini. Likinyamaza, isisemwe papo hapo kuwa ni kiziwi, maana huenda ni majimaji au uchafu tu umeziba njia. Apimwe tena kwa njia nyingine. Wataalamu hushauri apimwe kabla ya kumaliza mwezi 1, hali yake ijulikane kufikia miezi 3, na asaidiwe kufikia miezi 6. Akichelewa, lugha nayo huchelewa. Ni watoto wangapi walioitwa watundu na wakaidi, kumbe hawakusikia walichoambiwa?

Nasi wenye masikio mazima tujihadhari. Ndani ya sikio mna msuli mdogo ambao hukaza mifupa ile sauti kubwa inapokuja. Lakini mlio wa ghafla humpita mlinzi huyu kabla hajaamka. Bastola, baruti, hata kofi la sikio, yaweza kuumiza seli zile zinazojibu, na kwa binadamu zikifa haziotI tena. Basi ukiwa karibu na mwenye bastola uwanjani, ziba masikio. Usione haya! Na utani wa kupigana makofi ya masikio bwenini tuuache.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Lakini la mtoto mchanga halijafa, linangoja kuulizwa. Na hata lisipojibu, lugha bado ipo: Katiba yetu ya mwaka wa 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa ya kukuzwa. Sisi wapenzi wa lugha tusisahau kwamba kuna wanaoisikia kwa masikio na wanaoisikia kwa macho.