Slovenia: Nchi Ndogo, Mvinyo wa Pande Tatu

Slovenia ina kilomita za mraba 20,273 tu, lakini anayeagiza mvinyo wake bila kutaja unakotoka hajasema kitu. Kaskazini-magharibi kuna milima ya Alpi, kusini-magharibi Bahari ya Adriatiki, na mashariki ardhi inateremka hadi tambarare ya Panonia. Ndiyo maana kanda zake tatu za mizabibu hazifanani.

Katika Podravje, mashariki, karibu mvinyo wote ni mweupe. Hapo, mjini Maribor, umetambaa ukutani mwa nyumba mzabibu wenye umri wa zaidi ya miaka 400. Ulinusurika na filoksera, mdudu wa mizizi aliyeteketeza mashamba ya Ulaya karne ya 19, na bado unazaa. Posavje, kusini-mashariki, inajulikana kwa cviček, mvinyo mwepesi unaochanganya zabibu nyekundu na nyeupe, wenye kilevi kisichozidi asilimia 10.

Inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni Primorska, upande wa bahari. Kwenye vilima vya Goriška Brda hustawi zabibu nyeupe za rebula. Kwa kawaida zabibu nyeupe hukamuliwa, maganda yakaondolewa, juisi ikachachushwa peke yake. Baadhi ya wakulima wa Brda huyaacha maganda ndani kwa siku au wiki kadhaa. Hapo mvinyo hupata rangi ya chungwa na ukakasi kama wa chai ya rangi iliyokolea, ukaweza kunyweka hata na nyama nzito. Mpaka wa mwaka 1947 ulipasua vilima hivi kati ya Italia na Yugoslavia, ambayo Slovenia ilikuwa sehemu yake wakati huo, lakini rebula inalimwa pande zote mbili hadi leo.

Katika bonde jirani la Vipava huvuma burja, upepo mkavu wa kaskazini-mashariki wenye nguvu kiasi kwamba watu hupanga mawe juu ya vigae vya paa. Pamoja na uharibifu wake, hukausha mashada baada ya mvua, kuvu wasipate nafasi. Upepo huo huvuma pia Kras, kwenye uwanda wa mawe ya chokaa uliofunikwa na udongo mwekundu wenye chuma. Zabibu za refošk zikilimwa hapo hutoa teran, mvinyo wa zambarau iliyoiva, mchachu kwelikweli. Wenyeji huunywa na pršut, paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa kwa burja hiyohiyo.